Sindano ya Jumanne

Kozue alitaka kitu kimoja tu kwenye uzazi wake wa kwanza: sindano ya mgongoni. Hakutaka muziki laini, hakutaka mume wa kumshika mkono, hakutaka kuambiwa apumue kama mawimbi. Alitaka ganzi iingie mgongoni, kiuno kife kidogo, mtoto atoke, watu wakale. Basi.

Na ni kwa ajili ya hiyo sindano ndiyo akakubali kuanzishiwa uchungu. Hili lieleweke kabla hatujaenda popote. Mtoto hakuwa amechelewa. Presha ilikuwa nzuri, maji yalikuwa ya kutosha, mtoto alishageuza kichwa chini na kutulia zake. Tatizo lilikuwa daktari wa ganzi. Kliniki ya mji wa kwao, huko Akita, haina wa kwake. Inaazima mmoja, Dokta Mikami, anayekuja na treni Jumanne asubuhi na kuondoka Jumanne jioni. Kwa hiyo ukitaka sindano, unazaa Jumanne mchana. Tumbo lako linapangiwa siku kama gari la kupeleka gereji. Uchungu ukikushika Jumatano, shauri yako.

Kule Sendai anakoishi na mumewe asingepata taabu hii. Lakini mzaliwa wa kwanza mtu anakwenda kumzalia kwao, na mama yake, Fumie, alishaweka jiko la mafuta ya taa kwenye kile chumba cha usichana cha Kozue kabla hata theluji haijaanza. Ungemwambia nini.

"Sindano ya nini sasa?" Fumie alimuuliza siku aliyofika, huku anakata figili za kukausha kwa moshi. "Mgongo unaumwa?"

"Siumwi, mama. Sitaki tu kuumia."

"Kuumia ndiko kunakufanya umpende mtoto. Mimi nimezaa watatu. Wewe nilikuzaa humu humu ndani, mama mkwe wangu yuko chumba cha pili anaangalia mieleka kwenye televisheni, hakusikia hata pumzi. Mpaka leo mtaa huu unalisema hilo."

"Sasa katika watatu unampenda zaidi nani, aliyekuumiza kuliko wote?"

"Huo mdomo ndio ungechomwa ganzi," alisema Fumie, akamsogezea sahani.

Jumatatu wakamlaza kliniki. Wakamwingizia kipira kwenye mlango wa uzazi, wakakijaza maji kivimbe ili njia ianze kulegea. Wenyewe wanakiita kipira, ungedhani ni kitu cha kuchezea watoto. Kozue alishika ukingo wa kitanda, akakodolea macho dari, akasema, "Samahani." Samahani ya nini? Amelala miguu juu, mtu anamjaza maji tumboni, na anayeomba radhi ni yeye. Ndivyo alivyolelewa. Huko kwao mtoto anajua kusema samahani kwa usumbufu kabla hajajua kufunga viatu.

Jumanne asubuhi wakamtundikia dripu ya uchungu. Mkunga alikuwa Sugawara, mama wa makamo, mpole, mikono ya moto. Kosa lake moja ni kwamba tangu mlangoni hakumwita Kozue kwa jina. Alimwita Mama. Na Fumie akamwita Bibi. Mtoto hajatoka bado, wenyewe wameshabadilishwa majina.

"Mama, sikiliza," alisema Sugawara akirekebisha dripu. "Dokta Mikami ameshafika. Njia bado kidogo, tukichoma sasa hivi uchungu unaweza kulala. Ukiona maumivu yanakuzidi, bonyeza kengele, nitamwita. Usisite."

"Nashukuru. Samahani kwa usumbufu."

Kwa mtu wa huko, kuambiwa usisite ni kama kuambiwa ruka kama ndege.

Uchungu wa dripu hauji kwa adabu. Wa kawaida, wanasema, unabisha hodi, unaondoka, unarudi. Huu unavunja mlango na kuingia na viatu. Kozue alikunjamana upande wa ukutani, taulo mdomoni. Kila ulipopita alijiambia bado, huu si ule wa kubonyezea kengele, ule utakuwa mbaya zaidi, nikiwaita sasa wataniona mdekaji. Norihito, mumewe, akapiga simu ya picha kutoka kazini, amejificha kwenye ngazi.

"Vipi huko?"

"Inauma."

"Jikaze. Jumamosi nakuja."

"Nori, hebu sema neno lingine."

Akafikiri. Mtu mzima, ana diploma, akafikiri. "Jikaze sana," akasema.

Kozue akakata simu.

Mchana akabonyeza kengele. Sugawara akaja mbio. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimya kimya, kwa heshima zote. Uchungu ulikuwa umepita kidogo. Kozue akajiinua, akaweka nywele nyuma ya sikio, akatabasamu.

"Samahani, najua una kazi nyingi. Sijui kama ndiyo wakati wenyewe, lakini kama haitakuwa shida..."

Sugawara akamtazama. Akamwona mwanamke anayetabasamu na anayemaliza sentensi. Wa aina hiyo, kwa uzoefu wake, bado ana safari.

"Unaendelea vizuri sana, Mama. Tungoje kidogo, eh? Nitarudi."

"Ndiyo. Nashukuru."

Alimshukuru. Mlango ulipofungwa alijiuma mkono mpaka alama za meno zikabaki.

Fumie, kitini, alikuwa ameona yote. Akamfuta shingo kwa kitambaa cha moto, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejivuna na hataki aonekane, "Hivyo hivyo. Umenirithi mimi kabisa."

Baadaye Kozue akaenda chooni na mti wake wa dripu, anaukokota kama mbuzi mbishi. Uchungu ukamkuta humo. Akaegemea ukuta, paji la uso kwenye vigae baridi, na hapo sasa akajua: ndiyo huu. Nikitoka hapa naomba sindano, bila tabasamu na bila samahani. Alirudia maneno hayo mle chooni kama mtoto anayekariri shairi la shule.

Akatoka. Sugawara alikuwa chumbani, anaandaa mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto.

"Naomba sindano," alisema Kozue. "Sasa hivi."

Mkunga akaweka chini alichoshika. "Jamani, Mama. Dokta Mikami ameondoka."

"Haijafika jioni."

"Theluji imeanza kuwa mbaya, treni ya jioni imefutwa, ikabidi awahi ya mapema. Alinituma nije nikuulize kwanza, kama ni sasa au ndiyo basi. Ulikuwa chooni. Nikamuuliza Bibi." Akamgeukia Fumie, kama mtu anayetafuta shahidi. "Bibi alisema bado unaweza. Alisema mwanangu anavumilia vizuri, msimharakishe."

Fumie alikuwa anakunja taulo. Taulo lenyewe lilishakunjwa. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Mama," alisema Kozue.

"Ulikuwa unafanya vizuri."

"Walikuuliza, ukajibu."

"Ulikuwa kimya, mwanangu. Nikajua unaweza."

"Nilikuwa kimya kwa sababu ulinifundisha kunyamaza. Mgongo ni wa nani?"

"Punguza sauti. Chumba cha pili kuna watu."

Hapo ndipo Kozue alipolia. Na hakulia kilio cha uchungu. Uchungu ulikuja, ukamkuta tayari kashafungua mdomo, ukapanda juu yake ukatokea humo humo. Alipiga kelele kwa lafudhi ya kwao, ile waliyomcheka nayo chuoni Sendai mpaka akaificha. Aliita jina la Dokta Mikami. Aliita treni. Aliuita mji mzima unaoweza kuleta mashine ya kusaga barafu ya matunda kila kiangazi na usiweze kuleta mtu wa sindano siku mbili kwa wiki. Alimwambia mama yake atoke nje.

"Kozue."

"Toka nje."

Fumie akatoka. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, magoti pamoja, akainamia kila nesi aliyepita na kumwambia samahani kwa kelele. Kila mmoja, bila kuruka hata wa usafi.

Na dripu? Dripu iliendelea. Ndiyo inayoudhi kuliko yote. Walimwanzishia uchungu kwa sababu ya sindano, sindano ikapanda treni, uchungu ukabaki. Kozue aliuliza kama wanaweza kuzima, arudi siku yake mwenyewe ikifika. Sugawara alitikisa kichwa taratibu. Chupa ya maji ilikuwa imeshapasuka, njia imefunguka, hakuna pa kurudi. Kwa haki yake, mkunga yule hakubanduka tena kando ya kitanda. Alimsugua kiuno bila kupumzika.

"Nilipaswa kukungoja utoke chooni," alisema Sugawara katikati ya kusugua.

"Ndiyo," alisema Kozue. "Ulipaswa."

Hakumwambia usijali. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake anaacha neno hilo lipite bila kulisema.

Mtoto alitoka wa kike, mweusi wa nywele, amekunja ndita kama mzee wa baraza aliyecheleweshewa chai. Wakamweka kifuani pa mama yake. Kozue alikuwa amesoma kwamba dakika ile ulimwengu unayeyuka na mapenzi yanashuka kama mvua. Hakuna kilichoshuka. Alikuwa na kiu, alikuwa amechanika, na hasira ilikuwa bado imekaa palepale kitandani pamoja naye, haina habari ya kuondoka. Akamtazama mtoto, mtoto akamtazama. "Wewe huna kosa," alimwambia. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasikia Mio, kama alivyokuja kuitwa, hapa duniani, na kwa maoni yangu si mabaya.

Wakarudi nyumbani. Fumie alipika kila kitu: supu ya samaki, wali, mchicha wa ufuta. Alimwosha mtoto kwa mkono uliojua kazi. Kuhusu ile Jumanne hakusema neno, na Kozue naye hakusema. Walipishana kwenye korido kama wageni wa hoteli. Norihito alikuja Jumamosi, akapiga picha, akaona hewa ilivyo, akaenda kufagia theluji ambayo siku hiyo haikuwa imeanguka.

Kisha akaja mama Okuda wa nyumba ya jirani, na boksi la wali mwekundu wa maharage, wali wa heri. Akakaa, akavua skafu, akamchungulia mtoto, akasema yanayosemwa. Na Fumie, akimimina chai, akashindwa kujizuia.

"Na huyu mama yake," alisema, "alijifungua kimya kabisa. Na dripu ile kali. Wakunga wenyewe walishangaa."

"Ametoka kwako basi," alisema mama Okuda. "Mtaa mzima tunajua habari zako."

Fumie akainamisha kichwa, kajaa furaha mpaka masikioni.

"Nilipiga kelele," alisema Kozue.

Birika likasimama hewani.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Niliomba sindano ya ganzi. Daktari alituma mtu kuniuliza, mama akajibu kwa niaba yangu kwamba sihitaji, daktari akaenda zake. Ndiyo nikapiga kelele. Mama alikuwa nje ukumbini anawaomba watu radhi."

Mama Okuda alitazama chai yake. Akasema chai ni nzuri. Akainywa ya moto vile vile, akakumbuka kwamba ana sufuria jikoni, akaaga. Kabla hajavaa buti akamgusa Kozue begani, mara moja tu.

Mlango ulipofungwa Fumie alibaki amesimama na birika.

"Umeniaibisha mbele ya Okuda. Ameniheshimu miaka yote."

"Ndiyo nimekuaibisha."

"Unafikiri mimi sikuumia? Nilipokuzaa wewe nilitafuna taulo mpaka nyuzi zikanikwama kwenye meno. Hakuna aliyekuja kuniuliza nataka nini. Hakuna. Mama mkwe aliingia mieleka ilipokwisha, akasema umefanya vizuri. Hilo tu ndilo nililopewa. Nilitaka na wewe ulipate."

"Hakuna aliyekuuliza," alisema Kozue. "Ndiyo maana wewe, kuliko watu wote, ungeniuliza mimi."

Fumie akaweka birika mezani, pembeni ya kitambaa chake badala ya juu yake. Mtu wa kupanga vitu kama yule, hakuona.

Chumbani, Mio akaamka na njaa. Hakuanza kwa kugunaguna, alianza juu kabisa, kilio cha kutikisa karatasi zilizowambwa milangoni. Fumie alinyanyuka kwa mazoea, mkono tayari unakwenda kwenye dirisha la upande wa kwa Okuda, lililoachwa wazi kutoa hewa ya jiko la mafuta, alifunge, midomo tayari imeshaanza shh.

"Liache wazi," alisema Kozue. Alikuwa ameshakaa, anafungua vifungo vya blauzi. "Na usimnyamazishe. Niletee huyo mtoto, akiwa analia hivyo hivyo."

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Fumie alisimama na mkono kwenye fremu. Kisha akaushusha, akaenda chumbani, akarudi amembeba mjukuu wake, mwekundu, mdomo wote wazi, na kelele zake zikatoka dirishani mpaka kwa jirani.