Adhabu ya Kukosa Uji

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mitumba ikajaa minadani na wazazi wakaambiwa wachangie kila kitu, nilikuwa nafundisha shule ya msingi moja karibu na Mvumi. Uji wa saa nne ulipikwa kwa uwele waliochanga wazazi. Kamati ya shule, kwa busara zake, ikaamua kwamba mtoto akipigana leo, kesho hanywi.

Adhabu hiyo iliniudhi tangu siku ya kwanza. Sisemi kila mkorofi ana njaa. Walikuwepo walioshiba wakachokoza wenzao kwa raha zao. Lakini wapiganaji wengi walikuwa walewale walionyimwa jana yake. Nililisema kikaoni, wenzangu wakanicheka: "Kwa hiyo wagomvi tuwape vikombe viwili?"

Darasani kwangu, la sita, kulikuwa na binti mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa ngumi. Asubuhi alinyoosha mkono kwa kila swali. Jua likipanda, ukimgusa kiwiko tu umeyataka. Siku alipomng'ata mwenzake sikio, mwalimu mkuu alimwita baba yake aje amchukue, asirudi tena. Roho iliniuma. Nilijua akitoka shule ataozwa.

Baba alikuja kwa miguu kutoka mbali, akaingia ofisini tulimokuwa mimi na mwalimu mkuu, amefura.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia. Hakuitikia. Alipiga meza, akasema mtoto ana mapepo na atamnyoosha mwenyewe. Nikatoka bila kuomba ruhusa, nikamletea uji. Mgeni hahojiwi na njaa yake, hata awe na kisirani namna gani.

Alikunywa mpaka ukaisha, akafuta mdomo.

"Marahaba, mwanangu," akaniambia. Karibu nicheke. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, sauti imeshuka.

"Huu ndio mnaomnyima?"

"Akipigana tu, mzee."

"Na nyumbani tunakula jioni tu, tangu ghala liishe." Alikizungusha kikombe mkononi. "Juzi nilimpiga mama yake, mwalimu. Kosa lenyewe hata silikumbuki."

Mwalimu mkuu aliinuka, akaenda dirishani, akamwita binti aliyekuwa akisubiri nje, aje anywe uji, kisha arudi darasani.