Msimu huu Bakiza hafungi godoro

Jua halijachomoza vizuri, lakini Bakiza ameshainama kwenye mstari wake, ndoo mkononi, gauni limelowa umande hadi magotini. Anachuma nyanya zinazoanza tu kupata rangi, maana zina safari ndefu hadi sokoni. Nyuma yake mumewe anabeba kreti.

Jina la Bakiza walimbandika vibarua wenzake. Kwao milimani, walikohama baada ya ardhi ya ukoo wao kuchukuliwa, mmea hauchumwi ukabaki mtupu. Tunda moja huachwa la mbegu. Wiki yake ya kwanza hapa aliacha nyanya moja kwenye kila shina.

"Nyapara aliniwakia kweli kweli," anasema huku akicheka. "'Mama, hizi unamwachia nani, ndege?' Nikarudia mstari mzima wenzangu wanakula."

Ujira ni wa kuhesabiwa ndoo, na ndoo tatu ndio mkate mmoja. Mavuno yakiisha, familia hufunga godoro kwa kamba na kufuata shamba jingine. Binti yao ameshapita shule tano. Sasa yuko darasa la mwisho, mtihani u mlangoni, na nyanya zinaisha wiki hii.

"Nilimwambia mume wangu, tukihama tena, masomo ya huyu mtoto basi."

Juzi nyapara alimwita mbele ya watu. Akajiuliza ni nyanya gani tena ameibakiza.

"Kitalu cha miche kinataka mtu asiye na papara," nyapara akamwambia. "Wewe huvunji tawi. Baki na mzee wako, mtalipwa kwa mwezi, mwaka mzima."

"Mwaka mzima, baba?"

"Mwaka mzima."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Mama, usinichoshe. Nenda kachume!"

Mumewe aliposikia alijitupa juu ya kreti, na kreti ikapasuka. Nyapara mwenyewe alishindwa kujizuia kucheka. Bakiza alilia waziwazi, wala hakujificha.

Kwenye chumba chao cha mabati, kamba ya godoro sasa imefungwa kutoka mlangoni hadi dirishani. Juu yake zinakauka sare za shule. Binti amekaa chini yake na daftari, matone yanamdondokea, naye hasogei.

Bakiza ana mpango mmoja kwa mshahara wa kwanza.

"Kitanda," anasema. "Tangu tuondoke kwetu hatujanunua kitu kisichofungika kwa kamba. Nataka cha mbao, kizito, kikishaingia humu kisitoke."