Bulaimu na Karatasi za Lugha

Mwaka 1954, Profesa mmoja Mbelgiji alifika Kabambare akitafuta mtu wa kumsaidia kuchunguza namna watu wa kusini mwa Maniema, huko Kongo, wanavyozungumza. Wakubwa wa serikali wakampa Bulaimu, karani wa pamba aliyeishi Kasongo. Alijua Kibangubangu cha mama yake, Kizimba cha mke wake Apolline, Kiswahili na Kifaransa.

Kazi ilikuwa kukaa katika soko la Kasongo na rundo la karatasi zenye mistari minne, lugha moja kila mstari.

"Mutu mumoja, alama moja," Profesa alimwambia.

Siku ya kwanza Bulaimu alimsikiliza Mama Cécilia, muuza mawese. Mama huyo alimwita binti yake kwa Kizimba, akamjibu mnunuzi kwa Kiswahili, akamsalimu polisi kwa Kifaransa, kisha akamteta polisi huyohuyo kwa Kibangubangu. Bulaimu akatia alama nne. Jioni Profesa akazikata kwa wino mwekundu.

"Nataka lugha yake ya kweli."

"Ya kweli ni hizo zote, Bwana."

"Chagua moja!"

Kesho yake soko lilinyamaza kila alipokaribia. Mama Cécilia ndiye aliyemweleza.

"Baba, tukiona ile kalamu, tunaogopa. Unaandika majina ya watu hawajalima pamba, wafungwe?"

"Hapana, mama. Naandika lugha tu."

"Lugha? Serikali, huyu Bulamatari, atafanya nini na lugha yetu?"

Swali hilo lilimkera Bulaimu kuliko wino mwekundu.

Basi akaacha kalamu nyumbani. Akabeba kapu la mihogo la Apolline, akaketi naye kuuza. Watu walipomzoea, midomo ikafunguka. Akasikia mwanamke akikataa bei kwa Kiswahili, halafu akikubali kwa Kizimba alipogundua mnunuzi ni wa ukoo wake. Kila alipofika nyumbani aliandika nani kasema na nani, na kilichomfanya abadili lugha. Siku kumi na moja, daftari likajaa. Akalipeleka kwa furaha.

Profesa alifunua kurasa mbili. "Hizi ni hadithi. Karatasi zangu ziko wapi?"

"Bwana, wakiona karatasi hawasemi. Humu ndimo wanamosema."

"Ijumaa nataka karatasi mia tatu."

Bulaimu alirudi nyumbani kwa hasira. Alhamisi hakwenda sokoni. Aliketi barazani, akajaza zote mia tatu kwa kukisia: mtu wa Kasongo, Kizimba; mtu wa Kabambare, Kibangubangu. Ijumaa Profesa akampa mkono. "Sasa umeelewa kazi!"

Miaka miwili baadaye, padri mmoja alimwonyesha ramani ya lugha iliyochapwa Ubelgiji. Kasongo ilikuwa ya kijani, Kabambare ya njano, na katikati mpaka mmoja mweusi uliopita juu ya kijiji cha Lusangi, alikozaliwa Bulaimu.

"Uongo wangu ule," alimwambia Apolline, "niliuandika hapahapa barazani. Sasa wazungu wanausoma."

"Si alikulazimisha?"

"Alinilazimisha. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Akamwandikia Profesa barua ya Kifaransa, kurasa sita, akieleza jinsi zile karatasi zilivyojazwa. Aliichana mara tatu. Ya nne akaituma. Mwaka mzima alipita posta kila Jumamosi kuuliza kama jibu limefika. Mwishowe karani wa posta akawa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa, na Bulaimu akaacha kwenda.