Mita ya Dominika Haikaribishwi Bila Kuonjewa

Dominika wa Kibosho ana mita moja tu ya kupimia simu za upepo, zile redio za kuongelea za kwenye magari, na anaitunza kuliko wengine wanavyotunza ndoa. Ameifunika kitenge. Aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya, mwaka uleule ambao shirika la umma alikokuwa fundi lilipunguza watu na kumwambia akajitegemee. Akajitegemea. Kibanda chake kiko karibu na stendi ya Moshi, kimepakana na changu mimi muuza kanda, na simu nyingi za magari ya watalii na malori ya Holili zimepita mikononi mwake.

Mita ile imetengenezwa isikilize mnong'ono. Ukiichomekea moja kwa moja simu yenye nguvu nyingi, inaungua ndani kimyakimya, na hapa mjini hakuna wa kumwazima nyingine. Hata mimi niliyeachana na diploma ya umeme katikati nalielewa hilo. Kwa hiyo Dominika ana sheria. Simu yoyote ngeni inaunganishwa kwanza na balbu ya gari, ile ya taa ya breki. Unabonyeza maikrofoni kama unayetaka kuongea, nguvu yote inaishia kwenye balbu. Ikiwaka kwa adabu, simu inaruhusiwa kwenye mita. Na anayebonyeza ni mwenye simu, siyo fundi. Kwao anayekupa mbege, ile pombe ya ndizi, huonja kwanza kwenye kata ya kibuyu, uone kwa macho yako kwamba hakuna sumu.

"Mita yangu ni mgeni," husema. "Mwenye pombe aonje."

Alhamisi moja akaja Mzee Eliufoo wa Old Moshi, mwenye malori mengi kuliko watoto, na watoto siyo haba. Dominika hana mteja mkubwa kumzidi. Akaweka mezani simu mbili alizonunua Holili, mpakani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pima haraka, Dominika, lori linapakia. Ni wati kumi kumi, wewe chomeka tu."

"Nani kasema kumi?"

"Aliyeniuzia."

"Basi angekuja aonje yeye. Maadamu hayupo, onja wewe, meku," akasema, akimwita mzee kwa Kichaga.

Mzee akacheka bila kufurahi. Akasema Arusha kuna mafundi wasio na matambiko, na akienda huko anakwenda na malori yote. Dominika akamsukumia maikrofoni.

Mzee akabonyeza. Balbu ikawaka wekundu wa upole, kama jicho la mlevi aliyeshiba.

"Umeona? Kumi. Umenipotezea muda kwa ubishi wako wa Kibosho."

"Nimeona. Mwanzo ulijua peke yako, sasa tunajua wawili."

Akafunua kitenge, akaipima simu hiyo kwenye mita, ikatoka safi. Kisha akafunika tena, akairudisha balbu na kuiunganisha na simu ya pili.

"Hiyo ni pacha wake," Mzee akasema.

"Hata pacha huonjwa."

"Ukinibonyezesha tena, hunioni hapa."

"Nitakukumbuka, mzee. Bonyeza."

Nilizima kanda niliyokuwa nawapigia wateja, maana biashara ilikuwa imehamia kwa jirani. Eliufoo akabonyeza kama anayeua kiroboto. Balbu ikang'aa nyeupe hadi misumari ya ukutani ikaonekana, ikafa.

"Balbu yako mbovu."

Dominika akatoa nyingine mpya, akaifungua kwenye boksi mbele ya macho ya mzee, akaifunga kwenye simu.

"Onja tena."

Ikang'aa, ikafa.

"Nitoe nyingine?"

Mzee akaiweka maikrofoni chini polepole. Akaangalia mita chini ya kitenge chake, akaangalia zile balbu mbili nyeusi.

"Nani kaichokonoa?"

"Muulize huyo wa Holili. Kaiongezea nguvu ndani ili akuuzie sifa. Nitaipunguza, njoo kesho."

"Lori linaondoka leo."

"Liondoke na hiyo moja."

"Dominika, unajua mimi ni nani kwenye kibanda hiki."

"Mteja wangu mkubwa. Ndiyo maana nimekutolea balbu mbili, wengine huwa nawatolea moja."

Mzee akachukua simu iliyopimwa, nyingine akaiacha mezani. Mlangoni akageuka.

"Sasa kesho nikija, inakuwa tayari?"

"Inakuwa imepunguzwa," Dominika akasema, tayari ana bisibisi mkononi. "Kuwa tayari ni mpaka uje uonje."