Niliwafundisha Kuandika Rangi Ambayo Hawakuiona

Niiteni mjinga, nimekubali. Mimi ni mwalimu wa biolojia huku karibu na Kanyakine, na kwa miaka mingi nimefundisha watoto wa watu kudanganya. Tena kwa mbwembwe! Tena nikipigiwa makofi!

Walimu wa sayansi mnajua ninachosema, msijifanye. Mtihani wa maabara ukikaribia, mtoto hafundishwi kuangalia. Anafundishwa jibu. Kuna ile dawa ya bluu ya kupimia sukari: ukiichemsha na kitu chenye sukari, inageuka rangi ya machungwa. Yetu ilikuwa imekaa kabatini mpaka ikaharibika. Hata ungeichemsha mpaka jioni, haigeuki. Basi nikawaambia, "Wewe andika machungwa. Anayesahihisha hakuoni."

Huo ndio upuuzi tunaouita sayansi. Nkt!

Kulikuwa na msichana anaitwa Kendi. Yeye aliandika: imebaki bluu. Nikamwita mbele.

"Kendi, kitabu kinasema nini?"

"Machungwa, mwalimu."

"Na wewe umeandika nini?"

"Nimeandika yenye nimeona."

Darasa likacheka, na mimi mtu mzima nikacheka nao. Nikampa sifuri. Muhula uliofuata akaacha biolojia, akisema sayansi ni ya watu wenye macho mengine.

Kipenzi changu alikuwa Murithi. Huyo hata moto hakuwasha! Alijaza "machungwa", akakaa akinitazama na tabasamu. Nikamsifu mbele ya wote. Shule ilipopata A nyingi, wazazi wakanichinjia mbuzi, na nyama ile niliila bila haya.

Sasa sikieni. Mwaka jana mama yangu, mchuma chai, alipata kidonda mguuni pale gambuti yake ya mpira inapomkwaruza. Kikakataa kupona. Akawa anachoka ovyo, kiu haiishi. Nikampeleka kliniki ya hapa sokoni, na tukampata nani maabara? Murithi, ndani ya koti jeupe!

"Ni mwanafunzi wako?" mama akauliza, amefurahi kweli. "Basi leo nitapimwa vizuri."

Majibu yakatoka haraka: sukari hakuna, ni taifodi. Kiu, uchovu, kidonda kisichopona, hizo dalili za kisukari ni mimi nazifundisha darasani! Lakini niliamini karatasi, nikaacha kumwangalia mama yangu. Nikamnunulia dawa za taifodi, tukaenda nyumbani.

Wiki chache baadaye alizimia kwenye majani chai. Hospitalini Meru wakampima, wakapata sukari imepanda vibaya. Mguu ulikuwa umeoza. Woi, wakaukata!

Nikamvamia Murithi nikiwaka.

"Ulipima ama hukupima?"

Hakukana hata kidogo. "Mwalimu, vitu vya kupimia sukari vilikuwa vimeisha. Na wazee wakikuja hivyo, mara nyingi huwa ni taifodi. Nikaandika tu vile huwa."

Nikainua mkono nimzabe kofi. "Nani alikufundisha ujinga kama huu?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mtu ameulizwa jina la babake.

"Si ni wewe, mwalimu."

Mkono ukashuka wenyewe.

Nilimweleza mama yote, na habari ya Kendi pia. Alikuwa ameketi mlangoni, gambuti moja kando yake. Ile nyingine alishapeana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe huyo kijana alikusikiza vizuri," akasema. Akageuza uso akatazama shamba, na mpaka leo ananijibu salamu tu.

Haya, walimu wenzangu mnaopika majibu, endeleeni! Mchinjiwe mbuzi! Na nyinyi wazazi mnaoshangilia A bila kumuuliza mtoto aliona nini, shangilieni sana. Siku moja mtaugua, na hao hao ndio watawapima.