Kadi Nilizojiandikia Wodini

Jina langu ni Rehema. Nimeombwa niwaeleze ninyi mliolazwa, na ninyi mnaowauguza, jinsi nilivyougua kifua kikuu nikapona. Nitasema yote, hata yale ya kunifedhehesha, kwa sababu ugonjwa ulinikosa lakini aibu nusura initie kaburini. Atakayecheka na acheke. Mimi mwenyewe nimeshacheka sana.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu. Mimi na mume wangu, Athumani, tulikaa upande wa Vuga, tukilima kabeji na viazi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, basi chama cha ushirika kikanipa kazi ya kugonga mihuri kwenye makasha ya mboga zinazoshushwa Tanga na Dar es Salaam. Niliipenda kazi ile. Muhuri ukitua sawasawa, wino ukatoka safi pande zote, nilijisikia nimefanya jambo la maana. Mtoto hatukujaliwa, na mama mkwe hakuacha wiki ipite bila kunikumbusha.

Ilianza kwa kikohozi, msimu wa ukungu. Kule kwetu msimu ule kila mtu hukohoa, kwa hiyo sikujali. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Jasho lilinitoka usingizini mpaka shuka linakamulika. Khanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja sasa ilinizunguka karibu mara mbili. Mama mkwe akaanza kuniwekea kikombe changu peke yake, akakitundika kwenye msumari nje ya jiko. Siku moja nilikuwa nimeinama shambani, nikakohoa, nikaona damu kwenye jani la kabeji. Nililing'oa lile jani nikalifukia kwa mguu. Nilidhani nikilificha halitakuwapo.

Athumani alinipeleka hospitali ya misheni, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Wakanipiga picha ya kifua, wakachukua makohozi. Daktari alituita wote wawili.

"Mama, una kifua kikuu," alisema. "Kinapona. Lakini utachomwa sindano kila siku, na vidonge utakunywa mwaka mmoja na nusu bila kuruka hata siku moja. Ukiacha katikati, kitarudi, na safari hiyo dawa hazitakisikia."

"Nitamleta kila siku," Athumani alisema.

"Hapana. Kwanza abaki hapa."

Wodi ya kifua ilijengwa chini kidogo ya wodi nyingine, imepakana na mikaratusi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la makohozi lenye kifuniko. Sindano ilichomwa kwenye tako, leo kulia, kesho kushoto, mpaka kukaa kukawa taabu. Masikio yakaanza kuvuma. Vidonge vilinitapisha, nikavinywa tena. Ijumaa tulipimwa uzito, na wiki za mwanzo mizani ilizidi kurudi nyuma.

Athumani alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikaa. Mara ya pili alisimama mlangoni, leso puani, akaniuliza kama nakula. Halafu hakuja tena.

Siku moja mlinzi wa getini aliniletea furushi. Ndani mlikuwamo khanga zangu zote, kitana changu, viatu vyangu vya kwendea harusini na kile kikombe cha msumarini. Mjomba wake Athumani ndiye aliyelileta, akamwachia mlinzi maneno kwamba Athumani ameoa mke mwingine, wameandikishwa kijiji cha ujamaa huko tambarare, na nyumba amekabidhiwa mdogo wake. Hakutuma talaka wala salamu.

Wodi nzima ilikuwa inaniangalia. Nikafungua furushi, nikatoa khanga moja, nikajitanda.

"Mume wangu kasikia baridi imezidi huku," nikasema. "Kaniletea nguo."

Wakasema, mashallah, una mume. Ndivyo nilivyoanza kudanganya, na ulimi haukukwama hata kidogo.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mama Elia, mwanamke mtu mzima kutoka Mtae. Hakujua kusoma. Krismasi ilikaribia, naye akawa anahuzunika kwamba hana cha kumpelekea mwanawe. Nikamwambia nitamtengenezea kadi. Nilikata kipande cha boksi la dawa, ambalo kwa ndani lilikuwa jeupe. Nikaomba kiazi jikoni, nikakichonga muhuri wa ua kwa wembe. Wino nilipata kwa Sista Agnesi, muuguzi wetu: ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na ayodini kwa rangi ya kahawia. Kadi ikapendeza. Mama Elia aliishika kwa ncha za vidole kama yai.

Kesho yake kila mtu alitaka yake. Wakristo wakataka za Krismasi, sisi Waislamu tukataka za Idi. Viazi vilioza haraka na mpishi akaanza kununa, basi nikachukua kandambili iliyokatika, nikachonga mihuri kwenye soli yake. Ua lilikuwa la majani matano. Wembe uliteleza jani moja likakatika nusu, nikaliacha hivyo hivyo. Sista Agnesi akaniletea kalamu nene za rangi, nyekundu, bluu na kijani, alizopewa na mgeni mmoja. Siku hizo mikono yangu ilikuwa na kazi, na mchana ulikwenda.

Lakini Jumapili zilikuwa mbaya. Jumapili ndugu walikuja na vikapu vya ndizi na maharage, wakasimama kwenye baraza, wakazungumza na wagonjwa wao kwa Kishambaa mpaka jua linashuka. Majibu ya kadi zangu yalikuja pia, kwa wengine. Mimi nilijilaza, nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, na nimekuwa mpweke mara nyingi.

Basi nikajitengenezea kadi. Niliigonga ua, nikaandika ndani kwa mwandiko wa kulalia kushoto, usifanane na wangu: "Mke wangu Rehema, kabeji zimestawi. Nyumba haina mtu wa kucheka ndani yake. Upone urudi. Ni mimi Athumani." Nikaiweka kwenye bahasha, nikampa mama mmoja aliyekuwa akiuza mapeasi kwenye uzio, naye akaitumbukiza posta Lushoto. Siku chache baadaye Sista akaita, "Rehema, barua yako!" Moyo ulinidunda kama vile sijui iliyomo.

Nilijiandikia nyingine, na nyingine tena. Nikapata daftari kubwa la ofisini lililotupwa, nikawa nazibandika humo kwa uji mzito, nikizizungushia mapambo ya rangi. Wenzangu walikuja kitandani kwangu wakiniomba niwasomee. Mama Elia ndiye aliyependa kupita wote. "Tusomee pale anaposema nyumba haina mtu wa kucheka ndani yake," alisema. Nami nasoma. Kuna siku nilisahau kabisa kwamba Athumani yule ni mimi.

Mwezi wa nne wa kulazwa nikaanza kunenepa. Makohozi yalipopimwa hayakuwa na vijidudu. Daktari alipita wodini, akaliona daftari, akalifungua, akasoma kadi mbili tatu akiwa amesimama.

"Huyu ana mume hasa," akamwambia Sista. "Wagonjwa wapya hawana vitanda. Jumamosi tumruhusu. Sindano zilizobaki atachomwa zahanati ya kwao, mumewe amsimamie vidonge. Nitaandika barua kwa mjumbe wao wa nyumba kumi."

Wodi ikapiga makofi. Mimi nikatabasamu.

Nilijua vizuri maana yake. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mama aliyeruhusiwa mapema, kabla mimi sijalazwa. Kwao alikosa wa kumpa hata maji, akaacha dawa, akarudishwa akiwa mifupa. Alizikwa wiki ya pili baada ya mimi kulazwa. Mimi hata pa kurudi sikuwa napo. Mdogo wake Athumani asingenifungulia mlango, na wazazi wangu walikwisha kufariki. Nikitoka Jumamosi, nimekwisha. Nikisema ukweli, wale niliowasomea miezi yote watajua kwamba sina mtu duniani. Mniamini nikisema nilichagua kutoka. Nilifunga furushi.

Ijumaa Mama Elia alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Nionyeshe kadi moja ya mumeo," alisema.

Nikampa daftari. Akatoa kadi nyingine niliyomgongea kwa muhuri wa kandambili, ambayo mwanawe alikuwa amemrudishia akiwa ameandika majibu kwa nyuma, akaiweka pembeni ya kadi ya Athumani.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu, lakini macho ninayo. Ua hili limekatika jani hapa. Na hili limekatika hapa hapa."

Nikayatazama yale maua mawili.

"Tangu lini umejua, mama?"

"Tangu ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasoma vizuri," alisema. Halafu akalifunga daftari. "Sasa niambie. Kesho jioni nani atakupikia uji wa kunywea vidonge? Ua hili?"

Nililia kwa mara ya kwanza tangu furushi lilipokuja. Nilimwomba aende yeye akamwambie daktari. Akakataa. "Kadi umeziandika kwa mdomo wa mtu mwingine. Hili lisemee kwa mdomo wako."

Nikapanda ngazi mpaka ofisini. Daktari alikuwa akiandika ile barua ya mjumbe.

"Shikamoo daktari. Hakuna mtu wa kunisimamia," nikasema. "Kadi zile naandika mimi."

Aliweka kalamu chini. "Na mume?"

"Ameoa, amehama. Hajaja tangu mwezi wa kwanza wa kulazwa kwangu."

"Unajua nilikuwa nakutuma ukafe?"

"Najua."

"Na ungekwenda?"

"Ningekwenda."

Alikasirika kwelikweli. Alinigombeza mpaka makarani wa chumba cha pili wakanyamaza. Akasema angalau anayetema vidonge hudanganya kuhusu kidonge kimoja, si matibabu yote. Halafu akaichana ile barua, akamwita Sista Agnesi, wakazungumza mlangoni.

Kitanda changu kilikuwa kimeshaahidiwa binti mmoja wa Rangwi, aliyeletwa amebebwa mgongoni. Nikahamishiwa kwenye baraza, upande wa upepo. Sista akachukua kipande cha boksi katika vipande vyangu, akachukua kalamu yangu nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa: HANA MTU NYUMBANI. ASIRUHUSIWE MPAKA AMALIZE DAWA. Akakifunga kwa bandeji miguuni mwa kitanda ili daktari yeyote atakayepita akione.

Kibao kile kiliniuma kuliko sindano. Kila Jumapili ndugu za watu walipita barazani na vikapu vyao, wakakisoma. Wengine walisoma kwa sauti. Mama mmoja wa wodini aliniuliza kila asubuhi kwa wiki nzima, "Athumani hajambo?" Nikamjibu hajambo, anakusalimu, mpaka akachoka mwenyewe. Kadi za watu niliendelea kutengeneza. Za Athumani niliacha.

Mama Elia alipona akarudi Mtae kabla yangu. Alinitumia mfuko wa maharage na mtu aliyekuwa akipita. Barua hakuweza, na maharage hayabandikiki kwenye daftari. Nikayala. Baada ya hapo sikuwa na rafiki hasa wodini. Nilimeza vidonge vyangu, nikatazama mikaratusi, nikahesabu siku kwa kugonga ua dogo kila jioni.

Madaktari walibadilika mara mbili katika muda ule, na vitanda vilikuwa haba siku zote. Kila daktari mpya alipofika barazani alisema mgonjwa huyu kanenepa, aende kwao. Halafu anainamisha kichwa, anasoma, anapita. Hivyo ndivyo nilivyomaliza mwaka na nusu. Kifua kikapigwa picha, kikaonekana safi, pamebaki kovu tu.

Siku ya kutoka hakuna aliyenisubiri getini. Nilikodi chumba karibu na soko la Lushoto, ushirika wakanipa tena mihuri. Sikio la kushoto linavuma mpaka leo, na bado naishi peke yangu. Sisemi haiumi. Lakini nimeishi, nimezeeka, na ngazi zile za hospitali nimezipanda leo bila kusimama.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari aliyenigombeza, Sista Agnesi, na Mama Elia ambaye sasa ni marehemu. Ninyi mnaougua, mezeni dawa mpaka ya mwisho hata mkijiona wazima. Ukiulizwa nani yuko nyumbani, na hakuna, sema hakuna. Na wewe unayekuja Jumapili na kikapu, ukimwona aliyegeukia ukutani, usidhani kalala. Msalimie.

Daftari langu ninalo bado. Zimo kadi nyingi nzuri, zote kazi ya mkono wangu. Ukurasa wa mwisho nilibandika kile kibao cha Sista, siku ile ile niliyotoka. Katika daftari zima, hicho tu ndicho mtu mwingine alichokiandika kwa ajili yangu.