Mafua yaliisha, miguu ikagoma: yaliyonipata nikifundisha Ikombe, Kyela

Habari za muda huu wakuu.

Sijaja na story ya kuokota. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mwenye mashaka aulize, nitamjibu.

Mimi ni mwanamke wa Kondoa, mwalimu wa msingi. Ajira ya kwanza nikapangiwa Ikombe, mwisho kabisa wa Kyela. Kijiji kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa, gari halifiki. Unashukia Matema, unapanda mtumbwi.

Siku ile ya kwanza nililia njia nzima. Mpiga kasia alijifanya haoni.

Nilipanga chumba kwa Mama Atu, mjane wa kabila la Wakisi, mfinyanzi. Yeye anaimba kwaya, mimi Muislamu. Nilimwambia mara moja tu kwamba sili nguruwe. Wiki ileile akanifinyangia chungu changu peke yangu, akasema, "Hiki hakuna mwingine atakipikia."

Wakuu, yale maisha nayakumbuka mpaka leo. Unaamka unasikia Mama Atu anatwanga udongo nje. Jumamosi vyungu vinapangwa kwenye mtumbwi, vimefungwa majani visigongane, vinapelekwa gulioni Matema. Jioni usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na wali wa Kyela, ule ambao jirani akipika unajua bila kuambiwa.

Siku hizi nanunua mchele umeandikwa Kyela kwenye mfuko. Naunusa, harufu si ile, naufunga tena.

Tuendelee.

Mwaka wangu wa tatu pale, Juni, mafua yakaingia shuleni. Darasa zima linakohoa. Na mimi yakanipata: homa, kikohozi, mwili kuuma. Wiki moja nikapona, nikarudi kufundisha.

Kama siku kumi baadaye vidole vya miguu vikaanza ganzi. Nikajua uchovu.

Kesho yake nikiandika ubaoni, herufi zikawa zinashuka zenyewe. Chaki ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Watoto wa darasa la tatu wanavyopenda kucheka, siku hiyo hawakucheka.

Niliporudi nyumbani Mama Atu akaniangalia miguuni.

"Mwalimu, ndala yako ya kushoto iko wapi?"

Nikatazama chini. Mguu mmoja peku, nimetembea hivyo kutoka shuleni na sikuhisi chochote.

Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa, kunyanyuka nikashindwa. Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

Asubuhi yake miguu yote miwili ilikuwa kama ya mtu mwingine. Mwalimu mwenzangu akaja kunijulia hali, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu ananionea wivu, tutafute wataalamu kwanza.

Mama Atu alikuwa anaosha mikono yenye udongo. Akasema, "Kama karogwa, daktari atatuambia. Mshike huko, mimi nashika huku."

Wakanilaza kwenye mtumbwi juu ya mkeka. Sitasahau nilivyokuwa naangalia mbingu, na yeye kashika mkono wangu. Nilijua kaushika kwa kuuona tu.

Pale hospitali ya Matema daktari alinigonga magotini kwa kinyundo chake cha mpira. Mguu haukuruka. Akauliza, "Ulikuwa na mafua karibuni?" Nikashangaa, mafua na miguu wapi na wapi?

Akaandika rufaa ya Mbeya hapohapo. Gari la wagonjwa likapanda milima ya Tukuyu, Mama Atu pembeni yangu na kanga ileile yenye madoa ya udongo. Hakurudi hata kubadilisha nguo.

Mbeya ndipo nilipolijua jina la ugonjwa: Guillain-Barré. Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi. Kinga ya mwili ilipigana na virusi vya mafua, virusi vikaisha, yenyewe haikuacha. Ikageukia neva zangu. Inaanzia miguuni, inapanda. "Tunachokiogopa ni ikifika kwenye misuli ya kupumua," akasema.

Kila baada ya muda nesi ananiambia nivute pumzi moja, nihesabu kwa sauti mpaka iishe. Siku ya kwanza nilifika ishirini na mbili. Siku ya pili kumi na nne.

Siku ya tatu nilifika tisa.

Mama Atu alikuwa anahesabu na mimi, midomo inacheza bila sauti. Nilipokwama kwenye tisa, yeye akaendelea mwenyewe, kumi, kumi na moja, kama mtu anayenivuta. Nikapelekwa ICU.

Ya huko sitayaeleza yote. Mashine ilinipumulia. Nilikuwa nasikia kila kitu na siwezi kukunja hata kidole.

Mama yangu mzazi alifika kutoka Kondoa siku ya tano. Alimkuta mwanamke asiyemjua anamkanda mwanawe miguu, akimsimulia habari za kijijini kwao. Mama akakaa upande wa pili, akashika mguu mwingine. Waliendelea hivyo wiki sita. Mama alijifunza neno moja tu la kule, "ndaga", asante, na alilitumia kwa kila kitu.

Nguvu zilirudi taratibu, kutoka juu kushuka. Nilitoka hospitali kwa kiti cha magurudumu. Nikahamishiwa Kondoa, karibu na nyumbani, na Ikombe sikurudi hata kuaga. Ilinichukua mwaka mzima mpaka kutembea bila fimbo.

Wakuu, ninachotaka mkichukue ni hiki. Mtu akitoka kuumwa mafua au kikohozi, halafu miguu yote miwili ikafa ganzi na kulegea, na inapanda, msisubiri. Si uchovu. Ni hospitali siku hiyohiyo, maana pumzi inaweza kukatika. Wengi wanapona, ila wanapona waliofikishwa.

Mwaka jana nilirudi Ikombe, miaka saba imepita. Mama Atu kazeeka, mikono inatetemeka, hafinyangi tena vyungu vikubwa. Nilitaka kumkumbatia, akanizuia.

"Subiri. Nenda mpaka majini, urudi. Nikuone."

Nikaenda, nikarudi. Macho yake yalikuwa miguuni tu.

"Wa kushoto bado mvivu."

"Ndiyo, Mama."

"Rudia."

Nikarudia. Niliporudi alikuwa kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Mara ya tatu hakuniagiza. Nilienda mwenyewe.

Aliyepitia hili, au anayeuguza mgonjwa wa hivi, aandike hapa chini. Nasoma komenti zote.